Hasikii, au Hataki Kusikia?

Leo weka pembeni mambo ya mitihani kidogo, tuongee kuhusu mtu mmoja mdogo pale nyumbani kwenu. Ni yule kitinda mimba mnayelala naye chumba kimoja, au mtoto wa dada, au binamu aliyeletwa kutoka kijijini aanze darasa la kwanza. Kila jioni ukirudi shule unaambiwa, "Hebu mfundishe mwenzio kusoma." Unamfundisha. Unasema "saa", yeye anaandika "taa". Unamwambia alete kijiko, anakuletea kiti. Unamwita mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu unapandisha sauti ndipo anageuka. Mwisho unachoka, unasema lile neno ambalo nyumba nzima inalisema: "Mtoto huyu hasikii!"

Ngoja kwanza. Hebu tulitazame hilo neno. Kwa Kiswahili chetu "kusikia" kuna maana mbili. Maana ya kwanza ni kupata sauti masikioni. Ya pili ni kutii. Tukisema mtoto hasikii, mara nyingi tunataka kusema ni mkaidi. Wazee wanaongezea, "Sikio la kufa halisikii dawa," halafu fimbo inafuata. Wachache sana wanauliza lile swali la kwanza kabisa: Je, sauti inamfikia?

Swali hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Maana yake, baadhi ya watoto hao wangeweza kusaidiwa mapema kama kuna mtu pale nyumbani angegundua. Huyo mtu anaweza kuwa wewe, kwa sababu wewe ndiye unayekaa naye kwenye daftari kila jioni.

Sauti inapita wapi?

Kumbuka somo la baiolojia. Sauti inaingia kwenye tundu la sikio, inagonga ngozi nyembamba sana iitwayo ngoma ya sikio. Ngoma ikitikisika inatikisa vijifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma yake, navyo vinapeleka mtikisiko ndani zaidi, hadi kwenye neva inayopeleka habari kwenye ubongo.

Pale nyuma ya ngoma panatakiwa pawe na hewa. Hewa hiyo inaingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Ule mlio unaousikia masikioni basi likipanda mlima ni mrija huo unafunguka. Sasa, kwa mtoto mdogo mrija huu ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wako. Akipata mafua unaziba kirahisi. Hewa haipiti, na badala yake majimaji yanajikusanya nyuma ya ngoma. Wadudu wa ugonjwa kutoka kooni nao wanapata njia.

Hapo kuna mambo mawili yanayoweza kutokea.

La kwanza, majimaji yanakaa tu. Hakuna maumivu, hakuna homa, hakuna usaha. Mtoto anacheza kama kawaida. Ila sauti zinamfikia zikiwa zimefifia. Kwa watoto wengi majimaji haya yanakauka yenyewe ndani ya miezi 3. Lakini fikiria, miezi 3 ni sehemu kubwa ya muhula! Ndiyo miezi ambayo wenzake wanajifunza ba be bi bo bu.

La pili, sikio linapata uambukizi. Mtoto analia usiku, anashika sikio, anapata homa. Ngoma inaweza kutoboka na usaha ukatoka. Ukitoka, maumivu yanapungua, na hapo ndipo familia nyingi zinapofanya kosa: wanaona mtoto amepona. Usaha unaendelea wiki baada ya wiki, watu wanazoea, wenzake wanamcheka kwa harufu, na kusikia kunaendelea kupungua.

Jaribu hili

Ziba masikio yako yote mawili kwa vidole. Mwambie rafiki yako akupe mgongo na akusomee sentensi tano kwa sauti ya kawaida. Andika unachosikia.

Umeona? Sauti unaisikia, ila maneno yanachanganyikana. Herufi za sauti nzito kama a na o zinapita, lakini zile nyepesi kama s, f na t zinapotea njiani. Kaa, taa, saa na paa yanakuwa neno moja. Sasa fikiria uko darasa la kwanza, umekaa nyuma kwenye darasa lililojaa, mwalimu anaandika ubaoni huku amekupa mgongo. Utaitwa mzito. Utaitwa kilaza. Na kwa kuwa hujui wenzio wanasikia vipi, wewe mwenyewe utaamini.

Mpime nyumbani

Kipimo hiki hakina gharama. Kifanye mahali penye utulivu, redio imezimwa, na kifanye kama mchezo.

1. Mwambie mtoto asimame, wewe simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Asikuone mdomo.
2. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole.
3. Toa pumzi nje, halafu nong'ona maneno matatu anayoyajua: kiti, saba, paka.
4. Mwambie ayarudie. Kisha fanya vivyo hivyo kwa sikio la pili, kwa maneno mengine.

Akikosea mara ya kwanza, rudia kwa maneno mapya. Akiendelea kukosa, ni vizuri apelekwe zahanati au kituo cha afya. Kipimo hiki hakikupi jina la ugonjwa. Kinakupa sababu ya kwenda kwa mtaalamu, ambaye ana kifaa chenye kijitaa cha kuchungulia ndani ya sikio.

Dalili nyingine za kuangalia: anasogelea sana redio au televisheni, anasema "eeh?" kila mara, anatazama sana mdomo wako unapoongea, anasikia vizuri siku moja na siku nyingine hasikii, au anafuata wanachofanya wenzake badala ya alichoambiwa.

Sikio likitoa usaha

Mtoto apelekwe kutibiwa, hata kama hasikii maumivu. Mganga atauliza usaha umeanza lini. Kama ni chini ya siku 14, mara nyingi atapewa dawa ya kumeza, na ni lazima aimalize yote hata akijisikia nafuu. Kama ni siku 14 au zaidi, hilo ni tatizo sugu, na kazi kubwa inakuwa kulikausha sikio pamoja na dawa ya matone atakayoandikiwa.

Kukausha kunafanyika nyumbani, na unaweza kukufanya wewe. Nawa mikono. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kisokote kiwe kama utambi laini. Usitumie kijiti. Ingiza utambi taratibu sikioni, uache mpaka ulowe, utoe, weka mwingine safi. Endelea mpaka utambi utoke mkavu. Kisha weka matone kama ulivyoelekezwa. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Wakati huo mtoto asiogelee, na akioga maji yasiingie sikioni.

Usisubiri kesho! Mpeleke hospitali mara moja mtoto akiwa na uvimbe unaouma nyuma ya sikio, homa kali na shingo kukakamaa, kizunguzungu, uso kupinda upande mmoja, au kuchanganyikiwa.

Vitu vya kuacha kabisa

Kila mtaa una mtaalamu wake wa masikio. Mmoja atakuambia mafuta ya moto, mwingine maji ya kitunguu, mwingine maziwa ya mama, na wapo wanaosema mafuta ya taa! Acha. Kama ngoma imetoboka, vitu hivi vinaingia ndani kabisa na kuongeza uambukizi au kuunguza.

Njiti ya kiberiti, pini na unyoya wa kuku navyo viache. Ile nta ya sikio si uchafu. Mwili unaitengeneza ili inase vumbi, na kwa kawaida inatoka yenyewe taratibu. Ukichokonoa unaisukuma ndani na kuigandamiza. Futa kwa nje tu kwa kitambaa kilicholowa. Ikiziba kabisa, zahanati ndiyo mahali pake.

Na jambo moja zito: usimpige mtoto kibao cha sikio, wala usinyamaze ukiona mtu anafanya hivyo. Kibao kinasukuma hewa kwa nguvu ndani ya tundu na kinaweza kupasua ngoma. Yaani mtoto anapigwa kwa sababu hasikii, halafu kipigo kinamwongezea kutosikia.

Kumfundisha wakati anatibiwa

Masomo hayangoji sikio lipone. Fanya hivi:

- Keti mtazamane, uso wako uwe kwenye mwanga. Mdomo wako nao unafundisha.
- Zima redio. Kelele za jikoni nazo zisogezeni mbali kama inawezekana.
- Ongea taratibu na wazi. Usipige kelele, maana ukipiga kelele maneno yanapinda na mtoto anaogopa.
- Toa agizo moja moja. "Chukua daftari." Akishachukua, ndipo useme "Fungua."
- Usimuulize "Umesikia?" Watoto wote wanajibu ndiyo. Sema, "Hebu niambie nimesema nini."
- Tumia maneno yanayofanana. Chora au weka mbele yake taa, saa, na picha ya paa. Taja moja, yeye aonyeshe. Baadaye aandike.
- Dakika 15 zinatosha. Kusikiliza kwa shida kunachosha kuliko kucheza mpira.

Shuleni, mzazi amwombe mwalimu wa darasa amkalishe mtoto mbele, sikio linalosikia vizuri likielekea kwa mwalimu. Walimu wengi hukubali wakielezwa sababu.

Utawaambiaje wakubwa?

Hapa ndipo wengi mnapokwama. Wewe ni mtoto wa nyumba hiyo, na kumwambia baba kwamba fimbo yake haikustahili si jambo rahisi. Ukianza na "Baba unakosea," mazungumzo yamekwisha. Chagua muda ametulia, labda baada ya chakula. Shikamoo kwanza. Halafu mpe ulichokiona, usimpe hukumu: "Baba, juzi nilimnong'oneza mdogo wangu maneno sita, upande wa kulia alipata yote, kushoto hakupata hata moja. Naomba kama inawezekana apelekwe wakamwangalie." Kama unaona baba ni mgumu, anza na mama, bibi au shangazi. Ukiweza, mwombe mzazi ajaribu kipimo hicho mwenyewe. Akishaona kwa macho yake, hutahitaji maneno mengi.

Je, akipimwa na kukutwa masikio ni mazima? Hamjapoteza kitu. Labda ni macho, labda ni njaa ya asubuhi, labda ni minyoo, labda anahitaji tu muda zaidi. Mmeondoa sababu moja, mnaendelea na nyingine.

Na kwa watoto wachache kusikia hakurudi kamili. Hao wanaweza kupelekwa kwa madaktari wa masikio, pua na koo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Wapo wanaosaidiwa na vifaa vya kusikilizia, na wapo wanaosoma kwa lugha ya alama katika shule kama ile ya viziwi Buguruni, Dar es Salaam. Kiziwi anasoma, anafaulu na anafanya kazi. Kinachomwangusha ni kuchelewa kugunduliwa.

Kweli au si kweli?

*Mtoto asiyelia sikio, sikio lake ni zima.* Si kweli. Majimaji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma bila maumivu yoyote.

*Usaha wa sikio ni ukuaji, utaisha wenyewe.* Si kweli. Usaha ni ugonjwa na unatibika.

*Chanjo ya surua inalinda masikio.* Kweli. Surua inaweza kuleta uambukizi wa masikio na hata uziwi. Hakikisha wadogo zako wamemaliza chanjo zao.

*Kupenga kamasi kwa nguvu kunasafisha masikio.* Si kweli. Kunaweza kusukuma uchafu kwenye mrija. Apenge taratibu, tundu moja moja.

Basi jioni hii, kabla hujafungua daftari la mdogo wako, zima redio, simama nyuma yake, nong'ona maneno matatu. Haitakuchukua hata dakika tano.