Mutoto wa mufanyakazi wa mine anaweza kuwa injeniere



Kila mwaka, masomo yakifungwa mwezi wa saba, nasikia maneno yale yale mu kartie yetu. Mutoto amemaliza mwaka wa 8, sasa anapaswa kuchagua opsio atakayofuata miaka ine mpaka diploma ya Serikali. Baba anasema: « Ingia komersiale, ni mwepesi. » Ao: « Fanya pedagojia, utapata kazi mbio. » Mutoto mwanamuke, yeye anaambiwa ajifunze kushona. Matematiki, elektrisite, mekaniki, tunasema ni vitu vya watoto wa wakubwa. Hata mimi nilisema vile. Leo nataka kueleza kwa nini nilibadilisha mawazo.

Mimi niko delege wa sendika. Nilisoma pedagojia mpaka diploma, kiisha nikaingia mu mine kuendesha kamio. Mwaka moja, wakati wa mvua, wenzangu washofere waliona ufa juu ya ukuta wa kariere. Tulipeleka habari ile mu mukutano wa usalama. Injeniere, mugeni kutoka mbali, akatundika mupango ku ukuta, akaonyesha mistari na hesabu, akasema: digri za mutelemuko ni za kawaida, hakuna hatari. Tulikuwa wadelege watatu. Tulitazamana. Hakuna hata mumoja aliyejua swali la kuuliza. Tukasini karatasi, tukatoka.

Kiisha siku 11 ukuta ulianguka usiku, saa ya kubadilisha ekipe. Mungu alisaidia, chini hapakuwa mutu. Kamio moja tu ilizikwa. Lakini mimi sikulala, juu karatasi ile nilisini.

Miezi michache mbele, binti yangu wa mwaka wa 8 alikuwa ku meza na rapotere na rula. Akaniambia: « Papa, nipe ukuta wako, nitauchora. » Nikasema metre 10 za urefu. Akachora kwa digri 45: chini, ukuta unarudi nyuma metre 10. Akachora tena kwa digri 60: unarudi nyuma karibu metre 6 tu. Pale njo nikaelewa. Kadiri ukuta unavyosimama wima, kampuni inaondoa udongo kidogo na inafikia mawe mbio. Lakini ukuta ule una nguvu kidogo ya kujishika, zaidi maji ya mvua yakiingia mu ufa. Swali ambalo sisi wadelege watatu tulikosa, lilikuwa mu kaye ya mutoto.

Wandugu, injeniere si mutu wa kofia nyeupe tu mwenye kupita na jipu. Injeniere wa mine njo anapanga kuta, kutoa maji mu shimo, hewa mu njia za chini. Wa metalurji anajua namna asidi inavyotoa shaba mu mawe, na namna umeme unavyoikusanya ku kibao mpaka tunapata katodi safi. Wa umeme anajua kwa nini kuran ya Inga inasafiri karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, na pale inageuzwa mbele ya kuingia ku mamashini. Mumoja akikosea, sisi tunakufa.

Na kazi hii haiko ya wageni. Wankambo wetu wa Katanga waliyeyusha mawe mu tanuru za udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyokuwa makuta ya biashara, mbele Union Minière haijaanza mu 1906. Wale roboti walioanza kuongoza magari mu Kinshasa mu 2013, na waliofika kiisha Lubumbashi, walitoka mu kichwa cha injeniere mwanamuke wa kwetu, mama Thérèse Izay Kirongozi. Basi tusiseme tena kwa binti zetu: « Ile si kazi yako. »

Sitawadanganya. Njia ni ndefu. Inaomba opsio ya siyantifiki ao ya tekniki, inaomba kushinda egizame ya Serikali, kiisha miaka mingi mu politekniki, kama ile ya Université de Lubumbashi. Minervali ni nguvu kwa mushahara wetu. Wengine watasimama njiani, wawe wafundi wa umeme ao wa mekaniki, na ile nayo ni kazi ya heshima. Lakini wakubwa wakituambia « hatupati Mukongomani mwenye kujua », tunapaswa kuwanyanganya sababu ile.

Tufanye nini? Kwanza, baba na mama, mbele ya kuchagua opsio, muende kuongea na mwalimu wa matematiki. Muangalie pointi za mutoto, musiangalie mazungumuzo ya kartie.

Pili, wadelege wenzangu, tukikaa ku meza na patroni, tusiombe mushahara na unga tu. Tuombe wanafunzi watembelee mine na vifaa vya usalama, tuombe staji kwa wale wa politekniki, na musaada wa minervali kwa watoto wa wafanyakazi.

Tatu, Kode ya mine ya 2018 inaomba kampuni kutoa sehemu isiyopunguka 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mu mikutano ya kupanga pesa ile, tusimame tuombe labo ya fiziki na ya shimi. Mutoto hawezi kupenda umeme kama anauona ku ubao tu.

Binti yangu alichagua siyantifiki. Mjomba wake alikasirika, akasema nitapoteza makuta bure. Sasa binti yuko mu mwaka wa pili. Fiziki inamusumbua, matematiki anaiweza. Sijui kama atafika, lakini tangu siku ile ya kaye, kila mupango unaotundikwa mu mukutano wa usalama, naenda na kopi ku nyumba, tunausoma naye mangaribi. Na sisini tena bila kuuliza digri ni ngapi na nani aliyezipima.

Masomo yanafunguliwa mwezi wa kenda. Muongee na watoto sasa.