Kijiko Kimoja, Uzito Tofauti: Kupima Chumvi na Sukari kwa Mtoto Anayeharisha

Katika nyumba nyingi chakula hupikwa bila mizani. Unga hupimwa kwa kikombe, sukari kwa kijiko na chumvi kwa vidole. Kosa dogo katika mchuzi huishia kwenye ladha tu. Lakini mtoto anapoharisha, na mzazi akalazimika kutengeneza nyumbani maji ya chumvi na sukari, kosa hilohilo laweza kumdhuru. Ndiyo maana inafaa kuelewa uhusiano wa ujazo na uzito.

Ujazo ni nafasi ambayo kitu huchukua, nao hupimwa kwa mililita. Uzito hupimwa kwa gramu. Kwa maji, vipimo hivi hulingana: mililita 1 ina uzito wa takriban gramu 1. Vitu vingine havifuati kanuni hiyo. Kikombe cha mililita 250 huchukua gramu 250 za maji, zaidi kidogo ya gramu 200 za sukari, na takriban gramu 130 tu za unga wa ngano, kwa kuwa kati ya chembe za unga mna hewa nyingi.

Vivyo hivyo, kijiko cha chai cha mililita 5 kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari, lakini takriban gramu 6 za chumvi laini. Kipimo kinachofundishwa kwa matumizi ya nyumbani ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kwa uzito, hiyo ni takriban gramu 24 za sukari na gramu 3 za chumvi.

Makosa matatu huharibu kipimo hiki. La kwanza ni kijiko kilichojazwa hadi kufanya kichuguu, ambacho huweza kubeba karibu maradufu. Chumvi ikizidi, sodiamu hupanda katika damu, maji huvutwa kutoka ndani ya seli, na mtoto huweza kupata degedege. Sukari ikizidi, huvuta maji kuingia utumboni na kuharisha huongezeka. Kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu.

La pili ni aina ya chumvi. Chumvi ya mawe huacha mianya kati ya punje, hivyo kijiko kilekile hubeba chumvi pungufu. Chumvi laini ndiyo inayofaa.

La tatu ni chombo. Vijiko vya nyumbani hutofautiana ukubwa, na jagi lisilo na alama halioneshi lita. Kijiko cha dawa chenye alama ya mililita 5 na chupa mbili za maji za mililita 500 hutatua tatizo hilo. Kabla ya kumpa mtoto, mzazi aonje: maji hayo yasizidi machozi kwa chumvi.

Hata hivyo, chaguo la kwanza hubaki pakiti ya chumvichumvi (ORS), pamoja na dawa ya zinki. Pakiti ya lita 1 ina gramu 20.5 zilizokwisha kupimwa kiwandani, zikiwemo potasiamu na sitrati ambazo mchanganyiko wa nyumbani hauna. Isigawanywe kwa kukadiria kwa macho, na ujazo wa maji usomwe kwenye pakiti yenyewe, kwani zipo pakiti za ujazo mdogo zaidi. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Mtoto aendelee kunyonya na kula. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakididimia au akiharisha damu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Kwa mhudumu wa afya, kutaja idadi ya vijiko hakutoshi. Mzazi aoneshwe kijiko chenyewe, akisawazishe kwa mkono wake, kisha arudie mbele ya mhudumu kabla ya kuondoka.