Kabla ya sushi ya kwanza: ulizia friza, si upya wa samaki

Swali linaloniingia zaidi siku hizi kutoka kwa wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam ni hili: nimealikwa kula sushi kwa mara ya kwanza, je, nitapata minyoo? Wengi wao huwa wamekwisha kujijibu wenyewe. Wamesikia kwamba samaki akiwa amevuliwa leo hana tabu, hatari iko kwa yule aliyegandishwa. Jibu hilo ndilo linalonikera, maana limegeuza mambo juu chini.

Tuondoe kwanza hofu isiyo na sababu. Sushi ni wali uliotiwa siki, na kinachowekwa juu au katikati yake si lazima kiwe kibichi. Kamba huchemshwa, yai hukaangwa, tango ni tango. Mkunga hupikwa daima, kwa kuwa damu yake mbichi ina sumu inayoharibiwa na moto. Mwenye wasiwasi aanze na hivyo, wala asione haya. Maswali ya afya huanza palipo na samaki mbichi, na hapo wa kufahamiana naye ni mnyoo uitwao Anisakis. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walikusanya tafiti za miongo kadhaa wakaonyesha kwamba wingi wa minyoo hiyo katika samaki wa baharini uliongezeka mara 283 kati ya 1978 na 2015. Huenda sababu mojawapo ni njema: nyangumi wameongezeka tangu walipoanza kulindwa.

Nyangumi, pomboo na jamaa zao ndio wenyeji halisi wa mnyoo huu. Mayai hutoka na kinyesi chao, kiluwiluwi huliwa na uduvi, uduvi huliwa na samaki au ngisi. Samaki huyo naye akimezwa na mkubwa wake, kiluwiluwi huhamia tu kwa mwenyeji mpya na kujikunja upya. Ndani ya samaki hakikomai. Kinangoja, kimejiviringa kama springi ya saa, na ukikinyoosha hufika sentimita 2 au 3. Kinachongojewa ni joto la mnyama mwenye damu moto. Sasa wewe ukimmeza samaki huyo, kiluwiluwi kinajikuta kwenye nyuzi 37, gizani, penye asidi: dalili zote zinasema kimefika kwa nyangumi. Kinaamka, kinatoa vimeng'enya vya kuyeyusha protini, kinasukuma kichwa chenye kijino na kuanza kutoboa ukuta wa tumbo. Safari hiyo haina mwisho mwema hata kwake. Ndani ya binadamu hakiwezi kuzaa, na baada ya siku au wiki chache hufa. Lakini kinga ya mwili haisubiri kife. Seli nyeupe za aina ya eosinofili humiminika mahali pale, ukuta wa tumbo unavimba, na ndani ya saa chache mtu anashikwa na maumivu makali ya chembe cha moyo, kichefuchefu na kutapika. Daktari akiingiza kamera ya tumbo na kumng'oa mgeni huyo kwa koleo dogo, mara nyingi maumivu hutulia papo hapo.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu aliyeuelewa utaratibu huu hadanganyiki kirahisi. Chukua habari ya siki na ndimu. Mnyoo huu ukikomaa hukaa ndani ya asidi ya tumbo la nyangumi. Siki ya mezani haiutishi. Huko Japani vibua waliolowekwa chumvi na siki, chakula kinachopendwa sana, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vyanzo vya ugonjwa huu. Wasabi je? Kemikali inayopanda puani huzuia bakteria kadhaa maabara, ila kwa kiasi kinachoweza kulika haiui mnyoo. Tena ile ya kijani unayopewa kwenye migahawa mingi si wasabi yenyewe bali mzizi mwingine mkali uliotiwa haradali na rangi. Pombe nayo haifanyi kazi hiyo. Na wale wanaosema Wajapani wamezoea, matumbo yao ni tofauti, wajue kwamba Japani ndiyo inayoripoti wagonjwa wengi wa Anisakis kuliko nchi nyingine yoyote.

Kuna na wauzaji wa unga wa mbegu za papai na chupa za "kuosha tumbo", wanaoahidi kwamba ukinywa usiku wa sushi asubuhi u mzima. Hawa sina subira nao. Hawajawahi kuonyesha ushahidi wowote kuhusu mnyoo huu, na wanamchelewesha mgonjwa anayehitaji hospitali. Hata dawa za minyoo zinazouzwa duka la dawa si tiba ya kutegemewa hapa.

Turudi kwenye upya. Uholanzi watu walikula heringi wa kutiwa chumvi kidogo kwa vizazi vingi, na mwaka 1960 wanasayansi wa huko ndio waliotangaza kwamba mnyoo wa heringi unawaumiza binadamu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba uvuvi ulikuwa umebadilika. Badala ya kutoa matumbo ya samaki mara moja humo baharini, vyombo vilianza kuwaleta bandarini wazima juu ya barafu, na baadhi ya viluwiluwi vikapata muda wa kutoka kwenye matumbo na kuingia nyamani. Barafu ilimfanya samaki aonekane mpya. Mnyoo uliendelea kuishi. Mwaka 1968 serikali iliagiza heringi wagandishwe kabla ya kuuzwa, na ugonjwa ukapungua sana.

Kugandisha kwenyewe si jambo la kubahatisha. Viluwiluwi vya Anisakis vina sukari ya trehalosi inayolinda seli dhidi ya baridi, na maabara vimeonekana kustahimili nyuzi 10 chini ya sifuri kwa muda mfupi. Ndiyo maana Marekani inataka nyuzi −20 kwa siku 7, au samaki agandishwe kwa −35 hadi awe mgumu kisha akae humo saa 15. Umoja wa Ulaya unataka angalau −20 kwa saa 24, zikihesabiwa baada ya kiini cha nyama kufika baridi hiyo. Friza ya nyumbani kwa kawaida hukaa karibu −18, tena hufunguliwa kila mara. Kwa hiyo samaki uliyemnunua soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, akiwa bado anang'aa macho, anafaa sana kupakwa nazi, hafai kukatwakatwa sushi nyumbani. Meli kubwa za jodari hugandisha kwa −60 zikiwa bado baharini, na nyama hiyo ndiyo inayoliwa mbichi hata na walaji wachaguzi. Samoni wa kufugwa yuko katika hali yake mwenyewe: hula chakula cha kutengenezwa, hali uduvi wenye viluwiluwi. Wajapani hawakuwa na mazoea ya kula samoni mbichi wa bahari yao, wakijua ana vimelea. Ni Wanorwe waliowashawishi kumla yule wa kufugwa, kuanzia miaka ya 1980.

Jodari ana hatari nyingine, na hii inatuhusu sana watu wa pwani. Nyama ya jodari, nguru na vibua ina histidini nyingi. Samaki akikaa juani, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na matumbo huigeuza kuwa histamini, na ikishatengenezwa haiondolewi na friza, mafuta ya kukaangia wala moshi. Dakika chache baada ya kula, uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, ulimi unahisi pilipili isiyokuwamo. Wengi huambiwa wana mzio wa samaki, wakaacha kumla maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa la barafu iliyokosekana chomboni siku ile moja. Usitegemee wekundu wa nyama kukuhakikishia chochote, kwani jodari anaweza kutiwa gesi ya kaboni monoksidi akabaki mwekundu hata akiwa ameharibika.

Samaki wa maji baridi mbichi, sato au sangara, mkatae. Contracaecum, ndugu wa Anisakis anayekomaa ndani ya mwari na mnandi, amepatikana kwa samaki wa maziwa ya Afrika Mashariki, na huko Asia kuna minyoo ya ini inayotokana na samaki wa mito ambayo husababisha saratani ya njia za nyongo.

Ukienda, basi, uliza samaki mbichi amegandishwa kwa baridi gani na kwa muda gani. Mhudumu asipojua, amwite mpishi, na mpishi asipojua agiza kilichopikwa. Mjamzito asile mbichi, kwa sababu ya bakteria wa listeria wanaozaana hata ndani ya jokofu. Vivyo hivyo mtoto mdogo, mzee dhaifu, mwenye ugonjwa wa ini au kinga iliyoshuka. Sushi iliyokaa nje mchana kutwa iache. Tumbo likikukamata usiku huo, au ngozi ikivimba na pumzi kubana, nenda hospitali mara moja na umweleze daktari, hata kama hakuuliza, kwamba ulikula samaki mbichi, ni samaki gani, na ilikuwa saa ngapi.