Faili za Muda Zisizoondoka

Mteja anapiga picha kitambulisho chake na kuituma kwa simu. Picha inafika kwenye mashine za wingu, na papo hapo programu ndogo inaamshwa: ipunguze ukubwa wa picha, iipeleke ghalani, kisha ilale. Hakuna seva ya kukodi kwa mwezi. Unalipia ulichotumia tu. Amazon iliitambulisha huduma yake ya aina hii, Lambda, mwaka 2014.

Kazi kama hiyo huhitaji mahali pa kuweka faili kwa muda. Ndani ya Lambda mahali hapo ni saraka moja tu, iitwayo /tmp. Kwingine unaruhusiwa kusoma tu. Kwa miaka mingi nafasi yake ilikuwa megabaiti 512. Tangu Machi 2022 unaweza kuomba hadi gigabaiti 10, kwa malipo.

Wengi hudhani programu ikimaliza kazi, /tmp inafagiwa. Haifagiwi. Kuandaa mazingira mapya ya kuendeshea programu huchukua muda, kwa hiyo yaliyokwisha kutumika hugandishwa, yakaamshwa ombi jingine likija. Ni gesti ambayo mhudumu hakupita chumbani: mgeni wa pili anakuta taulo la wa kwanza. Sasa chukua programu inayoita kila picha kitambulisho.jpg. Picha ya Asha ikikwama njiani, na programu haikagui makosa, itasoma faili iliyomo, ambayo ni ya Juma, mteja aliyemtangulia. Kitambulisho cha Juma kitahifadhiwa kwa jina la Asha. Hiyo ni siri ya mtu imevuja, na majaribio ya ombi mojamoja hayawezi kulionyesha kosa hilo.

Kwenye huduma ya Google ya aina hii kuna tatizo jingine: kwa kawaida /tmp yake hukaa ndani ya RAM. Kila faili usiyoifuta inakula kumbukumbu, mpaka programu inaangushwa kwa kukosa nafasi.

Basi ipe kila faili jina lake la pekee, na uifute hata kazi ikishindwa. Katika Python, moduli ya tempfile inakusaidia yote mawili. Picha ikiwa ndogo, ishughulikie kwenye kumbukumbu bila kuandika faili kabisa.

Kinachofaa kuachwa ni kile kisichomhusu mteja yeyote, mathalani fonti au modeli ya kusoma maandishi. Ombi lijalo likikikuta, litaokoa muda. Lisipokikuta, kwa kuwa limeangukia mazingira mengine yenye /tmp yake, likipakue upya.