Mtoto wa Darasa la Kwanza na Walimu Wake Wawili

Wahenga wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa darasa la kwanza ndiye huyo samaki mbichi, na mwaka wake huu hapa Marekani ni mzito kuliko wengi wetu tunavyoudhania. Katika jimbo letu la Maryland mtoto huingia darasa la kwanza akiwa ametimiza miaka sita ifikapo tarehe 1 Septemba. Kwa mwaka mmoja atatakiwa asome na aandike, ahesabu mpaka 120, ajumlishe na kutoa mpaka 20, na ajue saa kamili na nusu saa. Juu ya yote hayo atatakiwa akae kutwa na watoto wasiojua kwao ni wapi, wala jina lake hutamkwaje.

Nilifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana wetu wa hapa Rockville wakikutana nami harusini au msibani huniuliza swali moja: "Mwalimu, tumsaidieje mtoto, nasi twatoka asubuhi na kurudi usiku?" Jawabu langu ni fupi. Mtoto huyu ana walimu wawili, mmoja skuli na mmoja nyumbani. Hasara yake kubwa hutokea pale walimu hao wawili wasiposemezana.

Kimya cha adabu

Zamani mzazi akimpeleka mwanawe chuoni alimkabidhi kwa mwalimu, akaenda zake. Kumhoji mwalimu kulikuwa ni kumvunjia heshima. Desturi hiyo tumekuja nayo huku, na huku haina kazi. Mwalimu wa Kimarekani hungoja mzazi aulize. Mzazi wetu, kwa adabu yake, hungoja mwalimu aseme. Mwalimu huona kimya kile akadhani mzazi hajali. Mzazi naye hupokea kimya cha mwalimu akadhani mambo ni mazuri. Mtoto yupo katikati, anazama, wala hapana aliyemwona.

Kwa hiyo ule mkutano wa wazazi na walimu unaofanywa kila Novemba usiukose, hata ikiwa ni kwa simu. Nenda na maswali matatu: Mwanangu anasoma sawa na wenzake? Anacheza na nani wakati wa mapumziko? Nifanye nini nyumbani wiki hii? Ikiwa Kiingereza chako ni kidogo, omba mkalimani mapema. Skuli za wilaya ya Montgomery zinao, na ni bure. Tafadhali usimfanye mtoto wa miaka sita akalimani mkutano unaomhusu mwenyewe. Atafasiri sifa na kumeza makosa.

Nawe mweleze mwalimu mambo ya kwetu. Mtoto wetu akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho; sisi twaita adabu, lakini mgeni aweza kudhani mtoto anaficha jambo au hasikilizi. Neno moja kutoka kwako litamwondolea mtoto lawama ya mwaka mzima.

Kiswahili si mzigo

Siku ya kuandikisha mtoto utaulizwa ni lugha gani inayosemwa nyumbani. Wapo jamaa zetu wanaoandika Kiingereza peke yake, kwa kuchelea mtoto asije akawekwa nyuma. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1974 Mahkama ya Juu kabisa ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za Kichina za San Francisco, ilikata kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza mwalimu na vitabu vilevile vya wenzake, bila ya msaada mwingine, si usawa. Ukiandika ukweli, mtoto hupimwa Kiingereza chake, na akihitaji msaada hupewa. Ukificha, unamnyima haki yake kwa mkono wako.

Wapo pia walioacha kabisa kusema Kiswahili na watoto. Matokeo yake tunayaona siku za Idi, bibi akipiga simu kutoka Unguja au Mombasa: mjukuu hushika simu, akatabasamu, akairudisha kwa mama yake. Mtoto hakupata Kiingereza kizuri zaidi kwa kunyang'anywa Kiswahili. Alipata Kiingereza cha kuungaunga cha nyumbani, na akapoteza mtu wa kumweleza yaliyo moyoni.

Na katika kusoma Kiswahili ni msaada mkubwa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu amekwisha kujua siri yenyewe, kwamba herufi ni sauti. Anayekwenda chuoni mwisho wa wiki huipata siri hiyohiyo katika alifu na irabu zake. Kiingereza kina vituko vyake vya maandishi, lakini nacho huanzia hapohapo kwenye sauti. Basi mfunze kuisikia sauti: "Mama huanza na sauti gani? Meza je?" Dakika kumi zatosha, naye akisaidia kukunja nguo.

Akigeuza b na d usimcheke. Ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo, tena huyu wetu husoma kushoto kwenda kulia skuli, na kulia kwenda kushoto chuoni. Ila ukiona mwaka unakwisha naye bado hawezi kuunganisha sauti mbili tatu, usingoje. Kwa sheria ya Maryland ya mwaka 2019, skuli hutakiwa kuwapima watoto wa madarasa ya mwanzo kama wana taabu ya kusoma. Uliza matokeo, na uliza wanafanya nini.

Hesabu, saa na hadithi

Kiswahili chatusaidia katika hesabu pia. Mtoto wa Kiingereza asikiapo "eleven" na "twelve" haoni kumi iliyofichwa ndani. Wetu husema kumi na moja, kumi na mbili, na kumi yenyewe anaitaja kwa mdomo wake. Makumi na mamoja, ambalo ndilo somo kubwa la darasa la kwanza, tayari limo katika lugha ya nyumbani. Babu mwenye bao asiliweke kabatini. Mashimo ni 32 na kete ni 64, na hapana chombo kizuri kuliko hicho cha kujumlisha, kutoa na kugawa.

Katika saa, hata hivyo, tuwe waangalifu. Saa ya ukutani huonyesha tisa, mama akasema saa tatu, na mwalimu akasema "nine". Mtoto hakukosea, amechanganyiwa. Mwambie waziwazi kuwa saa za kwetu huanza jua likichomoza, na kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya saa sita. Atacheka, na hatasahau.

Na hadithi je? Darasa la kwanza mtoto hutakiwa asikie kisa, akisimulie kwa mpango wake, na aseme mafunzo yake ni nini. Jamaa zangu, hiyo si ndiyo "Paukwa! Pakawa!"? Bibi akimaliza kisa cha Sungura na Fisi asimwachie mtoto alale hivihivi. Amuulize: nani alianza? Kwa nini alidanganya? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kesho yake mtoto amsimulie baba. Ama vitabu vya Kiingereza, maktaba yetu ya Rockville iko pale uwanja wa mjini, karibu na kituo cha treni, na kuazima hakuna malipo.

Moyo wa mtoto

Mtoto mwenye moyo mzito hasomi, hata ukimkalisha mezani usiku kucha. Kwetu mtoto akilia huambiwa "nyamaza", na wa kiume huambiwa wanaume hawalii. Akinyamaza, tunadhani amepoa. Kumbe Kiswahili kimejaa maneno ya moyo: soni, uchungu, kijicho, hamu, hasira, kuonewa. Mpe mtoto maneno hayo. Anayeweza kusema "nimeonewa" hana haja ya kupiga teke.

Tazama dalili. Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi aghalabu ni hofu. Chakula kilichorudi vilevile ndani ya chombo huenda kikawa kina habari yake: pengine mwenziwe alishika pua alipoona wali na mchuzi. Usigombe. Uliza, "Leo ulikula na nani?" Swali hilo litakupa mengi kuliko "Umejifunza nini?", ambalo jawabu lake siku zote ni "hakuna".

Na tuache kumtisha mtoto kwamba "nitamwambia mwalimu akupige". Fimbo ilipigwa marufuku katika skuli za umma za Maryland mwaka 1993. Mwalimu hampigi, lakini mtoto hajui. Ataogopa kuomba ruhusa ya kwenda choo, na ataogopa kusema hakufahamu somo.

Si mambo ya kigeni

Pasije mtu akasema haya ni mambo ya Kizungu. Katika miaka ya 1980 wazee wa Mombasa waliona watoto wao wanaingia skuli wakiwa nyuma, wakataka elimu ya awali isiyomtenga mtoto na dini na desturi yake. Ndipo ulipoanza mpango wa skuli za awali za madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Miaka ya 1990 mpango huo ulikuwa umefika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa kina mama wa mitaa ileile, waliofunzwa kazi. Vifaa vyao ni vifuu, mbegu na vizibo vya chupa. Na mtoto alijifunza kwa kucheza, kuimba na kuulizwa maswali. Ikiwa kina mama wale waliweza kwa vifuu, sisi wa Rockville hatuna udhuru.

Tugawane kazi basi, maana jamaa ni kubwa. Mama na baba wazungumze na mwalimu. Bibi na babu wachukue hadithi na bao, na walio mbali wafanye kwa simu, dakika kumi kila Jumapili. Shangazi na mjomba wenye gari wampeleke mtoto maktaba mara moja kwa mwezi. Kaka na dada waliozaliwa huku wanazijua skuli za huku kuliko sisi. Wao wakae karibu na mdogo wao anapoandika, wasimwandikie.

Mwaka wa skuli hufunguliwa mwisho wa Agosti. Mwalimu wa skuli atakuwepo darasani siku ya kwanza. Wa nyumbani naye ajitokeze, amwambie mwenziwe jina la mtoto linavyotamkwa.