Shoka la Kuazima: Utangulizi

Mtu mmoja anakata boriti kando ya Mto Yordani. Shoka linachomoka kwenye mpini na kutumbukia majini. Anapiga ukelele, maana shoka si lake, kaliazima. Nabii Elisha anamuuliza limeangukia wapi, anakata kijiti, anakitupa palepale, na chuma kinaelea. Jamaa ananyosha mkono, analichukua. Kisa chote ni aya saba za mwanzo katika 2 Wafalme sura ya 6, na hatuambiwi kwamba kuna aliyeshangaa.

Karibu uingie kwa mlango huu. Tutaisoma miujiza ya Biblia kwa jicho la uhalisiajabu, yaani usimulizi ambamo ajabu hutokea jikoni na shambani, na msimulizi huitaja kwa sauti ileile anayotajia bei ya chumvi. Jina lenyewe lilianzia kwenye uchoraji: Mjerumani Franz Roh alilitumia mwaka 1925. Riwaya ndizo zilizolieneza. Katika Cien años de soledad (1967) ya Gabriel García Márquez, binti mrembo anapaa mbinguni wakati shuka zinakunjwa, na wifi mtu anabaki akimwomba Mungu amrudishie shuka zake. Kwetu, katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, marehemu anamrudia mjukuu wake.

Shuka zile na shoka lile ni ndugu. Deni la shoka halifutwi na muujiza, ndilo linalouleta.

Hata hivyo, tusiwageuze waandishi wa Biblia kuwa wanariwaya. Ajabu yao ina mwenyewe, naye ni Mungu, na waliandika ili aaminiwe. Nawe uliye muumini, usihofu: hatuulizi kama jambo lilitokea, tunauliza limesimuliwaje, na kwa nini vitu vidogo hivi havikuachwa nje.

Tena kuna mahali jicho hili halitoshi, na hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Katika Marko sura ya 5, binti Yairo, mwenye miaka 12, anafufuka na waliomo chumbani wanapigwa na butwaa. Uhalisiajabu hauna desturi ya kushangaa namna hiyo. Lakini Yesu, katikati ya butwaa lao, anaagiza mtoto apewe chakula. Inabidi mtu atoke, achochee moto, atafute bakuli.