Kwa Nini Mipango ya Uvuvi wa Baharini Inaanzia Milima ya Uluguru

Samaki wa baharini wanaouzwa katika masoko ya Manispaa ya Morogoro huletwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 190. Kwa wakazi wengi wa mji huu ulio chini ya Milima ya Uluguru, uhusiano wao na bahari huishia hapo. Hata hivyo, ipo safari nyingine inayokwenda upande wa pili usiku na mchana. Maji ya Mto Ngerengere, yanayokusanywa katika Bwawa la Mindu na kupita ndani ya Manispaa, huingia Mto Ruvu, na Ruvu humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo.

Safari hiyo ya maji ndiyo inayoifanya Morogoro, mji usio na pwani, kuwa sehemu ya mipango ya Taifa ya kusimamia uvuvi wa baharini katika kipindi hiki cha mabadiliko ya tabianchi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kambamiti. Kambamiti wakubwa hutaga mayai baharini, lakini watoto wao husukumwa na maji kupwa na kujaa hadi kwenye midomo ya mito, ambako maji baridi huchanganyika na ya chumvi. Hujificha katika mizizi ya mikoko, hula na kukua, kisha hurudi baharini. Mto unapopungua kupita kiasi, chumvi hupanda, virutubisho hupungua na makulio hayo hudhoofika. Ndiyo maana maeneo maarufu ya kambamiti nchini yako mbele ya midomo ya mito: Bagamoyo na Saadani, zinakoishia Ruvu na Wami, na Rufiji, yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Rufiji nayo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Kilombero, ulioko Mkoa wa Morogoro.

Kwa hiyo kauli inayosikika mara kwa mara, kwamba maji ya mto yanayofika baharini yamepotea bure, si sahihi. Maji hayo yana kazi, na anayeyategemea ni mvuvi wa Bagamoyo ambaye huenda hajawahi kufika Mgeta wala Matombo.

Taifa limekwisha kuonja gharama ya rasilimali hiyo kupungua. Kufikia mwaka 2008 Serikali ilikuwa imesitisha uvuvi wa kambamiti kwa meli kubwa baada ya mavuno kushuka. Hatua hiyo ilielekezwa kwenye nguvu ya uvuvi, na ilistahili. Lakini kupunguza meli hakuongezi mvua. Mpango unaohesabu vyombo na nyavu bila kuhesabu maji ya mito unasimamia nusu tu ya tatizo.

Nusu ya pili ilionekana mwishoni mwa mwaka 2022, mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kushuka hadi Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Wananchi waliitazama hali ile kama tatizo la mabomba, na kwa haki kabisa. Mdomo wa mto nao ulikuwa ukipokea maji pungufu. Upande wa pili, mvua kubwa za muda mfupi huchimba miteremko iliyolimwa bila kinga na kubeba udongo hadi mtoni. Tope likizidi baharini hufunika matumbawe na majani ya bahari ambako samaki hula na kuzaliana.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeliona jambo hili. Katika ugawaji wa maji, mahitaji ya nyumbani hutangulia, yakifuatiwa na maji ya kutunza mazingira, ndipo shughuli za kiuchumi zifuate. Kwa lugha nyepesi, mto hautakiwi kukaushwa na mashamba ya umwagiliaji wala viwanda, hata kama vina kibali. Ugumu uko katika utekelezaji wakati wa kiangazi, ambapo mkulima wa mboga, kiwanda na mikoko vyote vinadai maji yaleyale.

Baharini kwenyewe, joto lina athari zake. Mwaka 1998 matumbawe ya ukanda huu, yakiwemo ya Mafia, yalipauka na mengi kufa baada ya maji kupata joto lisilo la kawaida. Tumbawe likifa, samaki wa miambani hukosa makazi. Aidha, kanuni inayofunga uvuvi kwa tarehe zilezile kila mwaka inaweza kupoteza maana pale majira ya mvua yanapohama. Katika hili, uzoefu wa pweza una funzo: katika baadhi ya vijiji vya pwani na visiwa, wavuvi wenyewe hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha huifungua pweza wakiwa wamekua. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kubadilishwa haraka hali ya bahari inapobadilika.

Ridhaa ya wananchi si jambo la pembeni. Waluguru wanaijua historia hiyo: mpango wa serikali ya kikoloni wa kulazimisha matuta milimani ulizua vurugu Matombo mwaka 1955 na hatimaye ukaachwa, ingawa udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Hivyo utunzaji wa miteremko ya leo, kama ilivyo kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, hauwezi kusimama kwa amri pekee.

Mkakati wa Taifa wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 2021 hadi 2026 umegusa uvuvi na rasilimali za maji kwa pamoja. Kwa mkazi wa Morogoro, sehemu inayomhusu moja kwa moja ni ndogo na iko karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na anayetaka kuchepusha maji au kuyavuta kwa pampu kwa ajili ya umwagiliaji au kiwanda anatakiwa kwanza kupata kibali. Kwa Ngerengere, Ruvu na Wami, maombi hupelekwa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ambayo makao yake yako Morogoro mjini. Kwa Kilombero, huenda Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao makuu Iringa.